Mtu wa Mti Aliyenunuliwa kwa Mwatu

Shati yangu ya kwanza ya kununuliwa dukani niliiharibu kwa mlango wa kanisa. Mlango huo ulikuwa wa mbao nzee, na mvua ikinyesha ulikuwa unavimba mpaka watu wawili wauinue ndipo ufunguke. Ikasemekana kuna wageni wanakuja, sijui kutoka wapi, na wazee wa kanisa wakatafuta kopo la rangi ya buluu, wakaupaka Jumamosi jioni. Sisi watoto hatukuambiwa. Jumapili nikafika mapema kwa sababu ya ile shati, nataka kila mtu anayeingia anione, nikaegemea mlango kama mwenye kanisa. Nilipotaka kutoka hapo nikasikia mgongo unavutwa.

Mama aliisugua kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga wa mto. Buluu haikutoka. Nilivaa buluu mgongoni mpaka shati ikanishinda kwa udogo, na mpaka leo nikinusa rangi mbichi mgongo unaniwasha. Na ule mlango, wageni walipoenda, uliendelea kukwama vile vile. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akiusukuma kwa bega akasema, "Wameuvalisha. Hawajautengeneza."

Basi nimetoka mbali na sikuwa nataka kusimulia mambo ya kanisa. Lakini nikianza na kile kinachonichoma nitatukana, na binti yangu anayeniandikia sehemu zingine kwa sababu mkono wangu umechoka amekataa kuandika matusi. Mimi shule nilifika darasa la tatu. Kalamu naishika kama jembe.

Kinachonichoma ni gemu. Msinicheke, nyinyi wa rika langu. Nilianguka kwa mti, nikavunjika paja, na binti yangu Mwende akanichukua kwake mjini Wote niwe karibu na hospitali. Mchana kutwa nimelala kama gunia. Siku moja akanipa kile kitu cha kushika kwa mikono miwili wanachoita pedi, akaniambia, "Baba, shika hii, angalau vidole vifanye kazi." Ulikuwa ni mpira kwa televisheni. Wiki ya kwanza nilifungwa mpaka nikafikiri nimewekewa goli langu kubwa kuliko la wengine. Wiki ya nne nikaanza kufunga. Kufika wakati niliweza kusimama na mkongojo, nilikuwa na timu yangu kamili. Wachezaji wenyewe nilikuwa nawanunua huko huko ndani, mmoja mmoja, kwa pesa ya maziwa ya ng'ombe wangu. Nikawapa majina ya watu wa kwetu. Kipa alikuwa mjomba wangu. Winga wa kushoto alikuwa mke wangu, marehemu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumshika akikimbia.

Miaka miwili. Halafu asubuhi moja nikawasha, nikaona maandishi. Nikamwita Mwende.

"Baba, wanasema huduma imefungwa."

"Huduma gani? Mimi sikuomba huduma. Nataka timu yangu."

"Timu ilikuwa ya hii namba ya zamani. Sasa wametoa namba mpya, wanataka ununue hiyo."

"Na wale watu wangu?"

"Hawapo tena."

"Si ulinunua? Si mimi nilinunua? Niliona ukilipa."

"Tulinunua leseni ya kucheza, Baba. Gemu yenyewe ni yao. Ilikuwa imewekwa huko kwao, kwa mawingu."

Mimi ni Mkamba. Nimezaliwa Makueni, nimeolea Kitui. Maisha yangu yote nimeangalia mawingu yakija meusi, yakipita juu ya shamba langu, yakienda kunyeshea watu wengine. Na leo mtu ananiambia mali yangu ameiweka huko.

Mwende, kwa kunihurumia, akanunua hiyo mpya. Nikakaa nikacheza. Kuna mzee mmoja kwa umati, kofia nyekundu, safu ya tatu, mpira ukiingia anainua mkono wa kulia halafu anakaa kabla ya wengine. Alikuwa kwa ile ya zamani. Yuko kwa hii. Mtangazaji anasema maneno yale yale, mahali pale pale. Kona ukiipiga kwa namna fulani kipa anaanguka upande usiofaa, vile vile alivyokuwa anaanguka. Jezi tu ndizo mpya. Nikaweka ile pedi chini, na mgongo ukaanza kuniwasha, na rangi haikuwako.

Hapo ndipo nilimkumbuka Mwene Sanduku. Sasa nimefika.

Mwene, kwa Kikamba chetu, ni mwenye kitu. Jina lake la kuzaliwa hatukulijua. Alikuwa akitokea upande wa Mbumbuni siku ya soko, anasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna sanduku la mbao refu kama jeneza la mtoto mkubwa. Analiweka sokoni Tawa, kando ya watu wanaouza nyuzi za katani, anafunua. Ndani ni uwanja wa mpira. Vyuma vinne vimepita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa kila chuma kumepigiliwa watu wa mti, wadogo, urefu wa kidole cha kati. Huku kipa na washambuliaji watatu, huku kipa na washambuliaji watatu. Mpira ni gololi ya kioo, kona moja ina shimo, na chuma kimoja kimepinda. Unashika chuma, unazungusha, yule mtu wa mti anapiga teke. Tulikuwa hatujaona kitu kama hicho. Gololi ikigonga mbao ilikuwa na mlio ambao niliuota mchana nikichunga mbuzi.

Ndugu yangu Musyoka, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, alikuwa na mkono wa ule mchezo. Wengine tulizungusha chuma kama tunasaga. Yeye alikuwa anangoja. Gololi inakuja, anaangalia, halafu mkono unakatika kidogo tu, na imeingia. Watu wazima waliacha kupima katani wakaja kumwangalia.

Kucheza kulikuwa ni kwa kulipa: yai, mahindi mawili, chochote. Lakini Mwene Sanduku alikuwa na jambo lingine, na alimwambia Musyoka peke yake, kwa sauti ya chini, kama anamwambia siri ya ukoo.

"Wewe usiwe unalipa kila siku kama hawa. Nunua mtu wako. Huyu wa katikati. Ukimnunua ni wako mpaka uzeeke. Ukija unamchezesha bure, na hakuna mtu mwingine atamgusa."

"Nikimnunua naenda naye nyumbani?"

"Sasa ukienda naye, timu itacheza na pengo?"

Musyoka akamgusa yule wa katikati kwa kidole. Hakuwa mjinga. Mwene Sanduku akaona anasita, akamuuliza, "Babu yako ana ng'ombe?"

"Ako nao."

"Wote wanalala kwake?"

Na hapo alitupata. Kwa sababu babu yetu alikuwa na ng'ombe watano kwa rafiki yake kule Matiliku. Ndivyo watu walivyokuwa wakiishi. Huweki mali yote boma moja, kiangazi kikija kimalize yote. Unaweka wengine kwa mtu unayemwamini, yeye anakamua maziwa, na ng'ombe wanabaki wako, ndama wanaozaliwa ni wako, na alama ya ukoo wako iko kwenye ngozi yao. Hata ukae miaka kumi bila kwenda, hakuna mtu Matiliku angesema ni wake. Sisi tulikuwa tumezaliwa tukijua hivyo. Kwa hivyo mtu akituambia kitu chako kinakaa kwangu, sisi hatukuona shimo.

"Anataka nini?" nikamuuliza Musyoka tukirudi.

"Mwatu."

Mwatu ni mzinga wa nyuki, ule wa gogo lililochongwa ndani. Babu alikuwa amempa Musyoka mmoja, wa mti mgumu, siku ile aliweza kupanda mgunga bila kusaidiwa. Ulikuwa na alama yetu ubavuni, mistari mitatu kama mguu wa kanga, babu ameichoma mwenyewe kwa chuma. Mwatu wenye alama unaweza kuning'inia msituni mpaka wajukuu wazaliwe. Hauibiwi. Mtu akikamatwa ameugusa, wazee wanakaa kumhukumu. Ulikuwa ndio mali ya kwanza ya Musyoka, na kwa mvulana wa wakati ule ndio ulikuwa mwanzo wa kuitwa mtu. Ule mwaka ulikuwa mkavu, nyuki walikuwa wamehama, ukawa mtupu. Tuliushusha kwa kamba mimi na yeye wakati babu ameenda mazishini. Tuliubeba mpaka Tawa, yeye mbele mimi nyuma, gogo linanichuna bega.

Sasa sikieni ujinga wetu, ila mimi siuiti ujinga. Musyoka hakukabidhi mwatu hivi hivi. Alisema, "Kwanza nimtie alama."

Mwene Sanduku akacheka. "Mtie."

Akaenda mwenyewe kwa mama wa chai, akatuletea msumari umepashwa moto mpaka mwekundu, ameushika kwa kitambaa. Musyoka akamchoma yule mtu wa mti mgongoni, mistari mitatu, pole pole, ulimi nje. Moshi kidogo ukatoka. Mimi nikaona jambo limeisha. Limefungwa. Kwetu, kitu kilichochomwa alama hakina maneno tena. Hatukujua kwamba kuna watu ambao kwao alama ni mapambo tu, na kwamba yule alitupa msumari kwa sababu haukumgharimu kitu.

Akafunga mwatu kwenye mkokoteni. Huo alienda nao.

Babu alijua baada ya siku nne. Alikuwa mtu mfupi, anaongea akiangalia chini, na ukiona ameinua macho ujue kuna shida. Aliinua.

"Musyoka, mwatu uko wapi?"

"Nilibadilisha na mtu, babu."

"Na nini?"

"Mtu wa mti. Wa kucheza mpira."

"Mlete nimwone."

"Anakaa kwa mwenye sanduku. Ni kama wale ng'ombe wako wa Matiliku. Nimemtia alama."

Babu alirudisha macho chini. Nilifikiri anatafuta fimbo. Kumbe alikuwa anafikiria lile jibu kwa makini, na hiyo ndiyo heshima yake ambayo siisahau. Akasema, "Nikitaka ng'ombe wangu kesho, nafanya nini?"

"Unaenda Matiliku unawachukua."

"Rafiki yangu atanizuia?"

"Hapana."

"Basi nenda ukamchukue mtu wako, umlete hapa, nimwone kwa macho. Ukimleta, sitasema neno juu ya mwatu. Usipomleta, hukubadilisha. Uliporwa, tena ukiwa umeshika kamba."

Na hakusema zaidi. Kuanzia siku hiyo Musyoka hakula vizuri. Hakuogopa kupigwa. Alitaka babu akosee.

Siku ya soko tukawa Tawa kabla ya watu wa katani. Mkokoteni ukaja, na kabla haujafika, mimi nikaisikia ile harufu. Sanduku lilikuwa la buluu. Buluu kila mahali, kuta, vyuma, watu wa mti wenyewe buluu toka kichwani mpaka miguuni, na upande mmoja wameongezwa mkanda mweupe. Mwene Sanduku anapiga kelele kwamba imekuja Namba Mbili, mpya, mpya kabisa.

Musyoka akaenda moja kwa moja kwa yule wa katikati, akamgeuza mgongo. Laini. Buluu tupu.

"Nimekuja kumchukua mtu wangu. Babu anataka kumwona."

"Mtu gani?"

"Huyu. Nilimtia alama mbele yako."

"Aa, huyo alikuwa wa Namba Moja. Namba Moja imekwisha, kijana wangu. Hii ni Namba Mbili. Ukitaka mtu wa Namba Mbili tunaongea."

"Namba Moja imeenda wapi?"

"Imekwisha."

"Si ni hii? Si hii kona bado iko na lile shimo, gololi inakwama?"

Na kweli shimo lilikuwako. Na kile chuma kilichopinda, ukikizungusha kinalia kama panya, kilikuwako, kinalia vile vile, ila sasa kinalia kikiwa buluu. Mwene Sanduku hakukasirika. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo, kwamba hakukasirika. Alimwekea Musyoka mkono begani akasema kwa upole, "Wewe hukunielewa. Mimi nilikuuzia kucheza. Sikukuuzia mti."

"Na mwatu wangu?"

"Mwatu uko kwangu. Umeingia nyuki, tena wakali."

"Basi nirudishie."

"Kwa nini? Mwatu si mchezo. Ule ulinipa."

Nimeishi miaka mingi. Nimeenda kwa ofisi za serikali, nimeenda kwa watu wa mkopo, nimesikia watu wenye tai wakinisomea karatasi ndefu. Sijawahi kusikia mtu akieleza mambo yao wazi kama alivyoeleza yule wa mkokoteni. Unachotoa wewe ni kitu. Unachopewa ni ruhusa. Mwende aliponiambia habari ya leseni, alishangaa kwa nini nimetupa kikombe. Sikumtupia yeye.

Sasa niseme ukweli wangu mwenyewe, kwa sababu nikimsema yule peke yake nitakuwa mwongo. Mimi nilikuwa na kuku mmoja. Alikuwa ni wangu, nimepewa na shangazi, akitaga na kuangua, ningeuza vifaranga mpaka ninunue mbuzi. Wiki iliyofuata nikampeleka kwa Mwene Sanduku, nikanunua mtu wa Namba Mbili. Ndio. Baada ya kuona yote hayo. Nilijiambia hii ni nyingine. Nilijiambia mimi nitakuwa mjanja kuliko ndugu yangu. Lakini ukweli ni ule mlio wa gololi, na kwamba Musyoka alikuwa ameacha kucheza, na sasa ningekuwa mimi wa kuangaliwa. Yeye alikuwa anasimama kando, mikono nyuma, kila siku ya soko, anamwangalia yule mtu wa katikati. Jioni babu anamuuliza, "Umemleta?" Anajibu, "Bado."

Sikuwahi kusikia neno dogo likiwa zito hivyo. Bado. Wiki baada ya wiki.

Bila Musyoka watu wazima waliacha kuja kuangalia. Soko likapoa upande wetu. Na mtu wa biashara anajua ni nani anayemvutia watu. Baada ya mavuno sanduku likaja jekundu, lina mistari ya njano, Namba Tatu, na mimi kuku wangu akawa amekwisha pamoja na ile buluu. Nilisimama hapo kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwene Sanduku hata hakuniangalia. Alikuwa anamwita Musyoka.

"Njoo. Leo hulipi. Cheza na ndugu yako mbele ya watu. Wa kwanza kufika mabao matano. Ukishinda, nitang'oa msumari, utaenda na yule mtu wa katikati, umwonyeshe babu yako. Nimesema mbele ya watu wote."

Watu wakaja. Mama wa chai akaja na kijiko mkononi. Mzee mmoja wa katani akasema, "Huyo kijana amekonda, atazungusha chuma kweli?" Mwingine akamjibu, "Mpe nafasi, utaona kama anazungusha kwa tumbo."

Musyoka akashika chuma. Mimi nikashika cha upande wa pili, na naomba mniamini, nilikuwa nataka ashinde. Nilikuwa nataka babu amwone yule mtu wa mti. Lakini pia gololi ilipoanguka ndani nilitaka kufunga. Hivyo viwili vilikaa ndani yangu pamoja na havikugombana.

Akafunga la kwanza, la pili. Nikafunga. Kelele zikaongezeka. Tukafika nne kwa nne. Gololi ikaviringika pole pole ikasimama mbele ya mguu wa yule mtu wa katikati, mtu wake. Kipa wangu alikuwa pembeni kabisa, nimechelewa. Goli wazi. Kila mtu aliona. Mwene Sanduku mwenyewe alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutafuta koleo, au anajifanya.

Musyoka hakupiga. Alimgeuza yule mtu, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, pale alipochoma ile mistari mitatu, juu ya rangi nyekundu. Akakirudisha tena. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu yeyote, "Siwezi kucheza kushindania kitu changu."

Akaachilia chuma. Yule mtu wa mti akaanguka kwa uzito wake, akaigusa gololi kidogo tu, na gololi ikarudi kwangu.

Nikafunga.

Nilifunga, nikaruka, nikapiga kelele, na watoto wakapiga kelele pamoja na mimi. Nilipoinua kichwa kumtafuta, alikuwa ameshapita kwa watu wa katani, anatembea bila haraka, anajipangusa mikono kwa kaptura kama mtu ametoka kulima. Mwene Sanduku alimwita, "We kijana, rudi, tuanze upya." Mwingine akamwita kwa jina. Mimi pia nilimwita.

Hakugeuka, na kwa lile sanduku hakurudi tena.